SOMO LA 12: RELI NDOGO JUU YA UBAO
Saketi, ukinzani na kiungo kibovu

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:
1. Kukokotoa skeli ya kitu kilichotengenezwa kwa mfano mdogo.
2. Kufuatilia mkondo wa umeme kutoka kwenye betri mpaka unaporudi kwenye betri.
3. Kukokotoa volti zinazopotea kwenye viungo na kueleza namna ya kuzuia upotevu huo.
4. Kueleza kwa nini mota hugeuza mwelekeo.
5. Kutafuta hitilafu kwa voltimita bila kubahatisha.

Utangulizi

Watahiniwa wengi wanajua kwamba V = IR. Ukiwauliza saa nane usiku watakujibu. Lakini swali likija hivi: "Taa iliyo mbali na betri inawaka kwa ufifi kuliko taa iliyo karibu. Eleza," kalamu inasimama. Kanuni wanayo, ila hawajawahi kuona mahali inapofanya kazi. Katika somo hili utaiona, kwa kujenga reli ndogo yenye urefu wa mita 2.4 juu ya ubao na kichwa cha treni kinachokwenda na kurudi kwa betri mbili za tochi. Vifaa vyake vinapatikana Shinyanga mjini, Kahama, Geita na hata kwenye kijiji chenye fundi redio mmoja. Usipoweza kuijenga, soma hatua zake kwa makini na uchore kila saketi kwa mkono wako. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, lakini aliyeelewa jambo kwa Kiswahili hapati shida kulitambua likivaa lugha nyingine.

12.1 Reli halisi iliyo jirani nawe

Kama unasoma Shinyanga, umeishaona reli. Njia ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, ikiwa tawi la Reli ya Kati iliyotoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914. Inapita Isaka, penye bandari kavu ambako mizigo ya nchi jirani kama Rwanda na Burundi hushushwa na kupakiwa kwenye malori, kisha inapita Shinyanga na kuendelea hadi Ziwani. Upana wa njia hii, yaani umbali kati ya chuma kimoja na kingine upande wa ndani, ni milimita 1000.

Kama unasoma Geita, reli haipiti mkoani kwako, na huenda hujawahi kusimama kando ya treni. Usijali, fizikia yake ni ileile ya nyaya zinazoleta umeme kwenye karasha na pampu za migodini.

Mwaka 2021 ulianza ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341 ukijumlisha na njia za pembeni. Upana wake ni milimita 1435. Treni za reli hiyo ya kisasa, ambazo zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, zinatumia umeme wa volti 25,000. Kwa nini volti nyingi hivyo? Mwisho wa somo utaweza kujibu mwenyewe.

12.2 Skeli

Skeli ni uwiano kati ya kipimo cha mfano na kipimo cha kitu halisi. Reli yetu ndogo itakuwa na upana wa milimita 50. Reli ya zamani ina milimita 1000. Kwa hiyo:

Skeli = 50 : 1000 = 1 : 20

Maana yake kila sentimita 1 ya mfano inasimama badala ya sentimita 20 za kitu halisi.

Mfano wa 1. Reli ya kisasa ikitengenezwa kwa skeli hiyohiyo, upana wake utakuwa milimita ngapi?
1435 ÷ 20 = 71.75
Jibu: milimita 71.75.

Mfano wa 2. Njia yote ya kilomita 341 ikitengenezwa kwa skeli ya 1 : 20, itakuwa na urefu gani?
341 ÷ 20 = 17.05
Jibu: kilomita 17.05.

Angalia jibu la pili. Hata ukipunguza mara ishirini, bado reli itatoka nyumbani kwako ivuke vijiji kadhaa. Ndiyo maana wajenzi wa reli ndogo duniani kote hutumia skeli kwa mabehewa, stesheni na upana wa njia, lakini umbali kati ya stesheni na stesheni huufupisha wanavyotaka. Reli ndogo za dukani zinazotumika sana Ulaya na Marekani zina skeli ya 1 : 87 na upana wa milimita 16.5. Zidisha namba hizo mbili uone inapatikana reli ipi.

Zingatia: Skeli haina kizio. Kabla ya kugawanya, hakikisha vipimo vyote viwili viko katika kizio kimoja. Hapa ndipo maksi nyingi zinapopotea.

12.3 Vifaa

- Ubao mnyoofu wenye urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 20.
- Waya mnene wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule unaotumika kwenye soketi za nyumba: mita 5. Uvue ganda lote.
- Waya mwembamba wa nyuzinyuzi, rangi mbili (nyekundu na nyeusi): mita 4 kila rangi.
- Mota ndogo ya volti 3 kutoka kwenye redio ya kaseti iliyokufa au gari la kuchezea.
- Betri mbili kubwa za tochi za volti 1.5, pamoja na kishikio chake.
- Swichi moja ya kawaida na swichi moja ya kugeuza yenye miguu sita.
- Fyuzi ya ampea 1.
- Taa ndogo nyekundu ya LED na kizuizi cha omu 100.
- Vizibo vinne vya plastiki vya chupa za maji, vijiti vya mishikaki, raba bendi, gundi kali, msasa, na vipande vya bati la kopo.

12.4 Tahadhari: soma kabla ya kuokota kitu chochote

Wengi wenu mnaishi karibu na machimbo, kwa hiyo sehemu hii usiiruke.

(a) Usiokote nyaya za rangi zilizobaki baada ya ulipuaji. Waya wa namna hiyo unaweza kuwa umeshikana na fataki ambayo haikulipuka: kikopo chembamba cha alumini au shaba, kirefu kama kidole. Fataki ya umeme hulipuka kwa mkondo mdogo. Betri ya tochi inatosha, na inatosha kukuondolea vidole au macho. Ukiona kikopo hicho, usikiguse, usivute waya wake, rudi ulikotoka na umwite mtu mzima anayehusika na mgodi au polisi.

(b) Usitumie mchanga wa marudio kuwa kokoto za reli yako. Mchanga uliotoka kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu unaweza kuwa na zebaki, na ule wa kwenye mitambo unaweza kuwa na sianidi. Hauonekani tofauti na mchanga mwingine. Tumia mchanga wa mtoni ulio mbali na machimbo, au ponda tofali la kuchoma.

(c) Usiunganishe reli hii na umeme wa ukutani kwa njia yoyote. Volti 230 kwenye vyuma vilivyo wazi ni mauti.

(d) Usitumie betri ya pikipiki, ya sola au ya simu. Tatizo hapo ni ukinzani wa ndani wa betri, tena mdogo mno. Fuata hesabu:

Betri mbili za tochi zikipigwa shoti, tuseme kila moja ina ukinzani wa ndani wa omu 0.5:
I = 3 ÷ (0.5 + 0.5) = 3 A
Waya unapata moto, unaushtukia na kuuachia.

Betri ya pikipiki ya volti 12, tuseme ukinzani wake wa ndani ni omu 0.05:
I = 12 ÷ 0.05 = 240 A
Waya unageuka mwekundu kabla hujafikiri, na nyumba inaweza kuungua.

12.5 Kujenga njia

Hatua ya 1. Kata vijiti vya urefu wa sentimita 8 viwe mataruma. Vibandike juu ya ubao kila baada ya sentimita 5.

Hatua ya 2. Kata waya mnene vipande vinane vya sentimita 60. Vinyooshe kwa kuviviringisha kati ya mbao mbili. Visugue kwa msasa mpaka ving'ae. Utapata vipande vinne kwa kila upande wa reli. Tuviite A, B, C na D.

Hatua ya 3. Kata kipimo cha karatasi ngumu chenye upana wa milimita 50 kamili. Kitembeze kati ya nyaya mbili unapozibandika, ili upana usibadilike popote. Gundi ikae upande wa nje wa reli tu. Upande wa ndani ndipo ukingo wa gurudumu unapopita; tone moja la gundi hapo linaangusha treni.

Hatua ya 4. Mahali vipande viwili vinapokutana, weka kipande cha bati la kopo chini yake, kigusane na nyaya zote mbili. Bati hilo ndilo kiungo. Lisugue pande zote kwanza, kwa sababu makopo mengi yamepakwa rangi inayozuia umeme.

Sasa una vipande vinne na viungo vitatu kila upande. Kumbuka namba hiyo.

12.6 Kichwa cha treni

Tengeneza magurudumu kwa vizibo vya plastiki. Upande wa ndani wa kila kizibo bandika duara la plastiki ngumu lenye kipenyo kilichozidi cha kizibo kwa milimita 3 tu. Huo ndio ukingo unaozuia treni isitoke njiani. Ekseli ziwe vijiti vya mishikaki. Mota izungushe ekseli ya nyuma kwa raba bendi. Vizibo vya nyuma uvivishe kipande cha tyubu ya baiskeli ili visiteleze.

Umeme utaingiaje kwenye mota? Kwa brashi mbili. Chukua waya wa nyuzinyuzi, vua ncha yake sentimita 3, utawanye kama ufagio, uukunje ugusane na reli ya kushoto. Fanya hivyohivyo kwa reli ya kulia. Kila brashi iende kwenye mguu wake wa mota.

Swali la kujiuliza: kwa nini ekseli ni ya mti na si msumari? Kama magurudumu yangekuwa ya chuma na ekseli ya chuma, mkondo ungetoka reli ya kushoto ukapita kwenye ekseli ukaingia reli ya kulia bila kupitia mota. Hiyo ni shoti. Treni ndogo za dukani zina magurudumu ya chuma, lakini ndani yake mmewekwa kihami cha plastiki kwa sababu hiyohiyo.

12.7 Kuunganisha umeme

Fuata mpangilio huu, na uuchore kwenye daftari kabla ya kugusa waya:

Chanya ya betri → fyuzi → swichi ya kuwashia → swichi ya kugeuza → reli ya kushoto → brashi → mota → brashi → reli ya kulia → swichi ya kugeuza → hasi ya betri.

Pitisha kidole chako juu ya mchoro kutoka chanya mpaka hasi. Kidole kisipoweza kurudi kwenye betri bila kuruka, treni haitaondoka. Kikiweza kurudi bila kupita kwenye mota wala taa, una shoti.

Swichi ya kugeuza. Ina miguu sita, jozi tatu. Jozi ya kati iunganishe na reli mbili. Jozi ya juu iunganishe na betri: mguu wa kushoto chanya, wa kulia hasi. Kisha vuka: juu kushoto kwenda chini kulia, na juu kulia kwenda chini kushoto. Swichi ikilala upande mmoja, reli ya kushoto ni chanya; ikilala upande wa pili, reli ya kushoto ni hasi.

Kwa nini treni inarudi nyuma? Ndani ya mota kuna koili iliyo kati ya ncha za sumaku ya kudumu. Kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming inasema: kidole cha shahada kinaonesha uga wa sumaku, cha kati kinaonesha mkondo, gumba linaonesha kani. Geuza kidole cha kati bila kugeuza cha shahada, na gumba linageuka. Mkondo umegeuka, sumaku haikugeuka, kwa hiyo kani imegeuka. Mtahini akikuuliza ingekuwaje kama mkondo na sumaku vingegeuzwa kwa pamoja, tumia mkono huohuo: mwelekeo wa kani haubadiliki.

Taa ya stesheni. Weka LED nyekundu kwenye stesheni ya mwisho, uiite Isaka. Tuseme inahitaji volti 2 na mkondo wa A 0.01. Betri ina volti 3, kwa hiyo volti 1 ibebwe na kizuizi:
R = 1 ÷ 0.01 = 100 Ω
Iunganishe kabla ya swichi ya kugeuza. Ukiiunganisha kwenye reli, itazimika kila treni inaporudi, kwa sababu LED ni dayodi na hupitisha mkondo upande mmoja tu.

12.8 Tatizo lenyewe: treni inachoka njiani

Washa. Kwenye kipande A, karibu na betri, treni inakwenda vizuri. Ikifika B inapungua, C inajikokota, na D huenda ikasimama. Mtu atasema betri imekwisha. Irudishe A kwa mkono: inakwenda kama mwanzo. Basi betri ni nzima. Fanya hesabu.

Mfano wa 3. Betri ni volti 3. Chukulia mota kama kizuizi cha omu 9, na kila kiungo kina omu 0.5. Puuza ukinzani wa reli yenyewe na wa ndani ya betri. (Mota halisi si kizuizi cha kawaida, lakini kwa hesabu hii inatosha.)

Treni ikiwa A: hakuna kiungo njiani.
I = 3 ÷ 9 = 0.333 A
Nguvu ya mota: P = V² ÷ R = 9 ÷ 9 = 1.0 W

Treni ikiwa D: mkondo unavuka viungo 3 ukienda na viungo 3 ukirudi. Jumla viungo 6.
Ukinzani wa viungo = 6 × 0.5 = 3 Ω
Ukinzani wote = 9 + 3 = 12 Ω
I = 3 ÷ 12 = 0.25 A
Volti za mota = 0.25 × 9 = 2.25 V
Nguvu ya mota = 2.25 × 0.25 = 0.5625 W

Volti zimepungua kwa robo tu, lakini nguvu imepungua kwa karibu asilimia 44, kwa kuwa volti na mkondo vimepungua kwa pamoja. Wati 0.1875 zimeishia kwenye viungo kama joto.

Kosa la kawaida: watahiniwa wengi huhesabu viungo 3 na kusahau 3 vya kurudi. Umeme hauendi mahali ukabaki huko. Kila unapokokotoa ukinzani wa waya unaopeleka umeme mbali, hesabu kwenda na kurudi.

Suluhisho. Usiongeze betri, maana ukiongeza, treni itaruka njia ikiwa A na mota itaungua. Dawa ni kuondoa viungo kwenye njia ya mkondo. Pitisha nyaya mbili kuu chini ya ubao, nyekundu na nyeusi, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Toboa ubao chini ya kila kipande cha reli, na kutoka kwenye waya mkuu pandisha waya mfupi wa kulisha kwenye kipande hicho. Mwambie fundi redio alehemu kwa risasi, au sugua na usokote kwa nguvu kisha ufunge kwa tepu. Sasa A, B, C na D zote zimeunganishwa sambamba. Kiungo cha bati hata kikishika kutu, treni haikijui.

Hivi ndivyo nyumba zinavyofungwa umeme: waya mkuu, kisha matawi sambamba. Na kiungo kilichosokotwa vibaya juu ya dari ndicho kile kile cha reli yetu, isipokuwa kwamba hapo mkondo si robo ya ampea. Pasi ya wati 1150 kwenye volti 230 inavuta A 5. Kiungo cha omu 0.5 kitatoa joto la I²R = 25 × 0.5 = wati 12.5 mahali padogo kama tonge, karibu na mbao kavu. Ukisikia nyumba imeungua kwa "hitilafu ya umeme", fikiria kiungo kabla ya kufikiria kitu kingine.

12.9 Kutafuta hitilafu kwa voltimita

Weka treni kwenye D, ondoa nyaya za kulisha kwa muda, washa, kisha pima volti juu ya kila kiungo, upande mmoja hadi mwingine.

- Ikisoma karibu na 0.125 V (yaani 0.25 × 0.5): kiungo ni cha kawaida.
- Ikisoma zaidi ya vingine: hicho ndicho kibovu. Kinakula volti za treni.
- Ikisoma 3.0 V na treni imesimama: kiungo kimekatika kabisa. Mkondo ni sifuri, kwa hiyo hakuna volti inayobaki kwenye mota wala viungo vingine. Zote zinaonekana kwenye pengo.
- Ikisoma 0 V kwenye viungo vyote na treni haiendi: tafuta kwingine. Angalia swichi, fyuzi, brashi au mota.

Jambo la tatu huwachanganya wengi. Hudhani pengo haliwezi kuwa na volti kwa sababu halina mkondo. Ni kinyume chake: saketi iliyokatika huonesha volti zote za betri mahali ilipokatika.

12.10 Mtego wa kitanzi

Ukitaka treni igeuke yenyewe mwisho wa njia, utapenda kuikunja reli kama kitanzi irudi kujiunga na njia ileile. Ichore uone. Reli ya kushoto ikizunguka kitanzi, inarudi na kukutana na reli ya kulia. Chanya imegusa hasi: shoti, na fyuzi inakatika. Wajenzi wa reli ndogo hukata mapengo kwenye reli zote mbili pande zote mbili za kitanzi na kukipa swichi yake ya kugeuza. Reli ya duara kamili haina tatizo hili, kwa sababu kushoto hubaki kushoto.

12.11 Turudi kwenye volti 25,000

Chukua treni inayohitaji nguvu ya wati 1,000,000.
Kwa volti 250: I = 1,000,000 ÷ 250 = 4000 A
Kwa volti 25,000: I = 1,000,000 ÷ 25,000 = 40 A

Mkondo umepungua mara 100. Joto linalopotea kwenye nyaya ni I²R, kwa hiyo limepungua mara 100 × 100 = 10,000 kwa nyaya zilezile. Viungo na nyaya ndefu hazikwepeki kwenye mamia ya kilomita. Kinachowezekana ni kuzipa mkondo mdogo. Hilo ndilo jibu, na ndilo jibu pia la kwa nini umeme husafirishwa kwa volti kubwa kutoka kwenye mabwawa hadi mikoani.

MUHTASARI

- Mkondo huenda na kurudi. Hesabu ukinzani wa pande zote mbili.
- Volti zikipungua kidogo, nguvu hupungua zaidi.
- Kinachochosha treni mbali na betri ni viungo. Dawa ni nyaya za kulisha zilizounganishwa sambamba.
- Kugeuza mkondo peke yake hugeuza mota.
- Saketi iliyokatika huonesha volti zote za betri kwenye pengo.

MAZOEZI

1. Behewa halisi lina urefu wa mita 12. Litakuwa na urefu gani kwa skeli ya 1 : 20?

2. Katika Mfano wa 3, treni iko kwenye kipande C. Kokotoa mkondo na volti za mota.

3. Vichwa viwili vya treni vinavyofanana, kila kimoja omu 9, viko pamoja kwenye kipande D bila nyaya za kulisha. Kokotoa volti za kila mota. Kisha eleza kwa nini taa za nyumbani hufifia mashine ya kusaga ya jirani inapowashwa.

4. Umeme unalishwa kwenye kipande A na D tu. Treni iko B. Kokotoa mkondo.

5. Mwanafunzi ameunganisha LED bila kizuizi kwenye volti 3 nayo ikaungua. Mwenzake ameiunganisha na kizuizi cha omu 100 lakini haiwaki. Toa sababu moja kwa kila mmoja.

MAJIBU

1. 1200 ÷ 20 = sentimita 60. Ni urefu sawa na kipande kimoja cha reli yako.

2. Viungo 2 kwenda na 2 kurudi = 4 × 0.5 = 2 Ω. Jumla 11 Ω. I = 3 ÷ 11 = 0.273 A. Volti za mota = 0.273 × 9 = 2.45 V.

3. Mota mbili sambamba = 4.5 Ω. Jumla na viungo = 7.5 Ω. I = 3 ÷ 7.5 = 0.4 A. Volti za kila mota = 0.4 × 4.5 = 1.8 V. Mashine ya kusaga huvuta mkondo mkubwa kupitia waya uleule unaoleta umeme kwako. Volti nyingi zaidi hupotea kwenye waya huo, na zinazofika kwenye taa hupungua.

4. Kwa kila reli: kutoka upande wa A kuna kiungo 1 (0.5 Ω), kutoka upande wa D viungo 2 (1.0 Ω), navyo viko sambamba: (0.5 × 1.0) ÷ 1.5 = 0.333 Ω. Reli mbili = 0.667 Ω. Jumla 9.667 Ω. I = 3 ÷ 9.667 = 0.31 A. Linganisha na A 0.273 ya swali la 2, halafu ueleze faida ya kulisha ncha zote mbili.

5. Wa kwanza: mkondo ulizidi kiwango cha LED kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuupunguza. Wa pili: ameigeuza miguu, chanya mahali pa hasi.

Kama umepata matatu au zaidi, endelea na Somo la 13. Kama umepata pungufu, rudi sehemu ya 12.8, chukua kalamu, na upitishe kidole juu ya mchoro upya kutoka chanya mpaka hasi.